Maziwa ya Saa Nne

Ndaki alijifunza kumfunga mtoto mgongoni akiwa na miaka arobaini na tisa. Mkewe, Theopista, alimfundisha mara mbili kisha akamwachia, maana yeye huondoka alfajiri kwenda kuwapikia wachimbaji machimboni na hakuwa na muda wa kufundisha mara ya tatu. Unainama, unamlaza mtoto katikati ya mabega, unatupa kitenge juu yake, unakipitisha chini ya makwapa, kisha fundo linakaa kifuani. Wiki ya kwanza fundo lilikuwa likimfungukia njiani, akawa anatembea ameshika ncha za kitenge kwa mikono miwili kama mtu aliyeiba gunia. Sasa ilikuwa wiki ya sita, na mjukuu wake Limi, wa miezi mitano, alikuwa analala kabla hawajalipita hata zizi la jirani.

Walikuwa wakitoka nyumbani saa tatu na robo ili wafike shuleni saa nne, wakati wa mapumziko. Mtu mzima mwenye afya angeitembea njia ile kwa nusu saa. Lakini Ndaki alisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha kwa miaka kumi na mmoja, na vumbi lile lilipomaliza kazi yake kifua kikuu kikaingia. Alimeza dozi miezi sita, akapona, makohozi yakapimwa yakawa safi. Lakini daktari hakumficha: mapafu si kucha, hayaoti tena. Kwa hiyo mke ndiye anayekwenda machimboni na mume ndiye anayebaki na mtoto, na kijiji kizima cha Mwabuhembe, nje kidogo ya Masumbwe, kilikuwa na neno la kusema juu ya hilo.

Maneno yalikuwa mengi zaidi hapo kwenye karasha, maana njia ilipita mbele yake. Wanaume aliofanya nao kazi waliacha mashine izunguke, wakamsalimia kwa Kisukuma jinsi mwanamke anavyosalimiwa, mwangaluka mayu, umeamkaje mama. Mmoja aliwahi kumuuliza kama maziwa yameshatoka. Siku za mwanzo Ndaki alizunguka nyuma ya mashamba ya pamba ili asiwapitie, lakini mzunguko ule ulimwadhibu kifua, akaona heri kuchekwa kuliko kukosa pumzi. Akawa anawaitikia mwangaluka, anapita.

Baada ya karasha kulikuwa na mwinuko wa kokoto. Hapo alipumzika mara tatu. Juu ya mwinuko ndipo ilipo shule ya sekondari ya kata, yenye ukuta mrefu ambao mradi mmoja ulikuja mwaka juzi ukaupaka miraba kumi na saba ya rangi, kila mraba na maneno yake: kutokomeza umaskini, kumaliza njaa, afya njema, elimu bora, na mengine mengi yaliyoendelea hadi kwenye kona. Cornel, mlinzi wa geti, hakuruhusiwa kumwingiza mtu mwenye mtoto mchanga, lakini hakuna aliyemkataza kutoa kigoda chake nje. Ndaki alikikalia chini ya miraba ile, akasubiri kengele.

Mariana, binti yake, alikuwa akitoka mbio kabla ya wengine wote. Alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha pili, na sweta alilivaa hata jua likiwaka kwa sababu kufika saa nne blauzi ilikuwa imelowa kifuani. Alimpokea mtoto, akaipa barabara mgongo, akanyonyesha. Kila alfajiri alikuwa akikamua maziwa ya mlo mmoja kwenye kikombe chenye mfuniko, kama nesi alivyomwelekeza, na baba yake alimnywesha Limi kwa kijiko saa saba. Huo mlo wa saa nne hakuna kikombe kilichoweza kuuziba.

Dakika zile kumi na tano Mariana hakuzipoteza. Walichofundishwa asubuhi kwa Kiingereza alimsimulia baba yake kwa Kiswahili, na Kiswahili kikikwama alimalizia kwa Kisukuma. Siku moja lilikuwa somo la pumzi. Alimweleza kuwa ndani ya mapafu mna vifuko vidogo kuliko punje za ulezi, mamilioni, na kila kimoja kinabadilishana hewa na damu. Ndaki aliyeishia darasa la nne aliuliza vumbi likiingia kwenye vifuko hivyo linatokaje. Mariana akasema halitoki. Kisha akasema, "Umeelewa, baba?" Ndaki akasema ameelewa. "Basi na mimi nimeelewa," akasema binti, akampa mtoto, akarudi darasani akijifuta.

*

Jumanne moja mkuu wa shule alitoka getini mwenyewe. Aliitwa Mwalimu Agapiti, mtu mpole, mwembamba, asiyependa matatizo, na ndiyo maana matatizo yalimpenda. Alimwamkia Ndaki shikamoo ingawa hawakupishana sana umri. Akamsifu mtoto. Akazungumza juu ya mvua. Ndaki aliona kuwa lipo jambo, akangoja.

Jambo lilikuwa hili: Alhamisi wangekuja wageni wa mradi, pamoja na maofisa wa wilaya, kuutazama ukuta na kusikia shule imefikia wapi katika malengo yale ya ukutani. Mariana amechaguliwa kusoma risala. Wageni wanapenda sana kumsikia msichana aliyerudi shule baada ya kujifungua, na katika wasichana watatu waliorudi yeye ndiye anayesoma bila kugugumia.

Ndaki akasema hilo ni jema.

"Ni jema sana," akasema Mwalimu Agapiti. "Sasa, Baba Mariana, siku hiyo naomba usije. Siku hiyo moja tu. Magari yatasimama hapahapa ulipokaa, na watapiga picha ukutani. Sitaki ionekane kwamba tuna mtoto anayenyonyeshwa barabarani."

Ndaki angeweza kumwambia kuwa si yeye aliyechagua barabara. Lakini kumjibu mwalimu halikuwa jambo alilolelewa kulifanya, na zaidi ya hapo binti yake alikuwa mikononi mwa mtu yule. Akasema sawa, mwalimu. Akasema asante pia, na maneno hayo yalimsumbua njia nzima ya kurudi, kwa sababu hakujua alishukuru nini.

Jioni alipomweleza Mariana, binti alisema basi hataisoma hiyo risala, atabaki na mwanawe. Theopista aliyekuwa ametoka machimboni, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji, alisema atasoma. Ni siku moja, kikombe kitajazwa mpaka juu, na yeye mwenyewe, bibi yake Limi, alilea watoto watano kwa shida kubwa kuliko hiyo. Mariana akaamka Alhamisi saa kumi alfajiri, akakamua mpaka machozi yakamtoka, akapata vikombe viwili visivyojaa.

*

Vikombe viliisha saa tano. Limi hakuwa mtoto wa kijiko. Alikunywa kidogo akatema kingi, na kila alichotema kilimuuma Ndaki kama damu. Saa sita alikuwa akilia kilio kile cha kukata, kinachonyamaza katikati kutafuta pumzi. Ndaki alimbeba, akamwimbia, akamzungusha zizini, akamwonyesha ndama. Alitazama njia ya shule. Mara mbili alichukua kitenge, mara mbili akakirudisha kwenye kamba.

Kilio kilimleta Mama Kamili, jirani, mwanamke mwema asiyeweza kusikia mtoto akilia akaendelea na shughuli zake. Alikuja na chupa ya kunyonyea ya mjukuu wake na maziwa ya ng'ombe aliyoyazimua kwa maji. Akasema Wasukuma wote wamekuzwa na ng'ombe. Ndaki alikumbuka nesi alisema miezi sita, maziwa ya mama tu, hata maji usimpe. Lakini nesi alikuwa zahanati na mtoto alikuwa hapa. Akaipokea chupa. Limi akainyonya yote, akalala, na nyumba ikawa kimya hata mzee akasikia kuku wakiparua.

Mariana alirudi saa kumi akiwa amevaa fulana mpya juu ya sare, yenye duara la rangi nyingi kifuani, na soda aliyoibana kwapani ili awagawie nyumbani. Wageni walimpigia makofi. Mzungu mmoja alifuta machozi. Walimpiga picha amesimama kwenye mraba wa nne. Alikuwa akisimulia haya kabla hajafika mlangoni, ndipo akamwona baba yake amekaa kwenye gogo na mtoto magotini, na kanga iliyolowa, na kanga nyingine iliyolowa chini. Limi alikuwa ametapika mara nne na kuharisha mara ambazo Ndaki aliacha kuzihesabu. Macho yalikuwa yamezama. Alimtazama mama yake bila kunyoosha mkono.

Bodaboda iliwafikisha kituo cha afya Masumbwe jua halijazama. Nesi alimbana Limi ngozi ya tumbo, akaona inavyochelewa kurudi, akaacha kuuliza maswali akatafuta mshipa. Alipoupata na dripu ikaanza kudondoka, ndipo akageuka. Nani amempa mtoto huyu kitu kingine?

"Mimi," akasema Ndaki.

Nesi alikuwa msichana wa umri wa kuwa binti yake. Alisema watu wazima ndio wanaoua watoto kwa huruma zao. Alisema ni mara ngapi watu wanafundishwa. Alisema mbele ya wanawake sita waliokaa vitandani na watoto wao, na Ndaki, mwanamume pekee katika wodi ile, alisimama ameshika soda ambayo hakuna aliyeifungua, akasema ndiyo, nesi, ni mimi. Hakumtaja Mama Kamili wala mwalimu.

Walikaa siku mbili. Siku ya pili Limi alilitafuta ziwa kwa mdomo, akalishika, akanyonya kwa hasira. Hapo ndipo Mariana alipolia, si kabla.

*

Waliporudi nyumbani Mariana aliifua sare, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Theopista alijaribu kwa maneno makali, kisha kwa maneno laini. Binti alimjibu kwa adabu kuwa risala ameshasoma, wageni wamefurahi, sasa aachwe alee mwanawe. Hakumlaumu baba yake hata kwa jicho. Ndaki angependa alaumiwe, ingekuwa rahisi zaidi.

Wiki ile ile ikaja barua ya shule. Mkutano wa wazazi, Ijumaa saa tano. Na chini, kwa kalamu, Baba Mariana anaombwa asikose. Theopista alitaka kuacha kazi aende naye, Ndaki akamkatalia, kwa sababu siku moja bila kupika ilikuwa siku mbili bila kula. Alivaa shati la kanisani. Njiani karasha lilikuwa linazunguka na wale wanaume wakamwona hana mtoto mgongoni, wakakosa la kusema.

Wazazi walikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigusa videvu. Ajenda zilikuwa chakula cha mchana, vyoo, na mengineyo. Mengineyo yalikuwa Ndaki. Aliyeyaleta alikuwa Maige, mjumbe wa kamati, mfuga ng'ombe mwenye nyumba ya bati na baiskeli mbili, ambaye watu walimwita Baba Loveness ingawa Loveness mwenyewe hakuwa ameonekana kijijini kwa miaka. Maige alisimama. Hakupaza sauti.

Alisema kwa wiki sita watoto wa watu wamekuwa wakitoka mapumziko na kumkuta mwenzao anatoa ziwa kando ya geti. Wasichana wanajifunza nini hapo? Kwamba ukizaa hakuna kinachopungua, baba yako atakubebea. Alisema yeye hapingi waraka wa serikali unaowaruhusu waliozaa kurudi shule. Ila kama ni kurudi, kuna madarasa ya wakubwa, aende huko. Vichwa kadhaa vilitikisika kukubali, vya wanawake vikiwemo. Mwalimu Agapiti alikuwa akiangalia karatasi yake.

Maige alitaka kuketi, lakini hakuketi. Mkono wake ulikuwa juu ya dawati na vidole vilikuwa vinatafuta kitu cha kushika.

"Wangu alikuwa wa kwanza darasani," akasema. "Mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Walimpima mkojo, wakaniita hapahapa, chumba hikihiki, wakanipa barua ya kumfukuza. Nikaambiwa ni sheria. Nikaifuata. Nikamwoza Buseresere kwa ng'ombe wanne. Wanne, kwa mtoto aliyekuwa wa kwanza. Leo sheria imebadilika. Mimi nimwambie nini?"

Akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Ndaki aliinua macho akamtazama.

Mwalimu Agapiti alimwuliza Baba Mariana kama ana la kusema. Ndaki hakuwa msemaji. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na machimboni, na akisimama ghafla kikohozi humtangulia. Kikamtangulia. Wakamngoja.

Alisema yeye si mwema kuliko Baba Loveness. Mwezi ambao Mariana aligundulika ana mimba alimfukuza kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama yake, akamwambia asimwone. Binti akaenda kwa shangazi yake Kahama. Wiki saba. Halafu yeye akaanza kumeza dawa za kifua, na zile dawa humfanya mtu akae nyumbani bila kazi, na mtu asiye na kazi husikia kila kitu ambacho hakipo ndani ya nyumba.

"Nilipokwenda kumchukua alinisalimia vizuri," akasema Ndaki. "Shikamoo baba, karibu baba, kaa hapa baba. Kama unavyomkaribisha mtu aliyekuja kuuliza njia. Nilikaa pale siku tatu mpaka akanikasirikia. Aliponikasirikia nikajua atarudi."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka kidogo, kisha akajifuta jicho.

"Kubeba mtoto si kazi. Gunia la mawe ni kazi. Ila nimechoka kukaa barabarani, na Alhamisi ile niliyoambiwa nisije mtoto aliugua. Sisemi ni kosa la mtu. Mwenye kosa ni mimi, nilisema sawa wakati haikuwa sawa. Binti yangu sasa hataki kurudi. Kwa hiyo mnachogombania huenda hakipo tena."

Akaketi kwa sababu pumzi ilimwishia, si kwa sababu alimaliza.

Aliyefuata kusema ni Mwalimu Agapiti. Alivua miwani. Alisema yeye ndiye aliyemzuia mzee asije, kwa kuwaogopa wageni, na hajalala vizuri tangu aliposikia mtoto amelazwa. Alisema ipo stoo ya mipira na majembe yenye dirisha, inaweza kufagiliwa na kuwekwa benchi. Mtu akauliza nani atalinunua benchi. Mwingine akasema hata dawati moja bovu linatosha. Wakaanza kubishana juu ya dawati, na Ndaki akaelewa, polepole, kwamba wanapobishana juu ya dawati, jambo lile jingine limekwisha. Alipotafuta uso wa Maige katika watu, hakuuona. Alikuwa ameshatoka.

*

Mariana alikuwa anapepeta mchele uani, Limi amelala kwenye mkeka. Ndaki hakumwambia habari ya stoo kwanza. Alimwambia habari ya Loveness: kwamba alikuwa wa kwanza darasani, na barua, na ng'ombe wanne.

Mariana aliacha kupepeta. Alisema anamkumbuka. Yeye alipokuwa darasa la tano Loveness alikuwa akiwafundisha hesabu watoto wa jirani jioni, bure, akiandika ardhini kwa kijiti. Siku moja hakuja, na hakuna aliyewaambia kwa nini.

"Hakubebewa," akasema.

"Hakubebewa," akasema baba yake.

Hapo Ndaki akamweleza habari ya stoo ya kunyonyeshea, na binti akaendelea kupepeta mpaka mchele ukaisha. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, hiyo stoo ina dirisha upande gani. Ndaki akasema upande wa mashariki. Hakuwa na uhakika, lakini alisema. Jumatatu asubuhi sare haikuwamo sandukuni.

*

Jumatano upepo uliinua vumbi tangu mapema, na kifua cha Ndaki kilimbana kabla hajafika kwenye karasha. Wanaume walimwamkia. Mmoja alianza ile mwangaluka mayu yake ya kila siku, akaona jinsi mzee anavyovuta hewa, akaimalizia kwa sauti ya chini. Ndaki aliinua mkono, akapita.

Kwenye mwinuko alipumzika mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akaketi kabisa juu ya jiwe akiwa amemweka Limi mapajani. Ilikuwa inakaribia saa nne. Mtoto alikuwa ameamka na alikuwa akinyonya ngumi. Alipojaribu kusimama miguu ilimkatalia, akaketi tena. Hakuogopa kufa, aliogopa kengele.

Baiskeli ilimpita, ikasimama mbele, ikarudi ikisukumwa. Ilikuwa ya Maige. Walisalimiana jinsi wanaume wanavyosalimiana baada ya kusemana mbele za watu, kwa kuulizana habari za ng'ombe. Maige aliiegemeza baiskeli kwenye kichaka. Alitazama juu kwenye ukuta wa rangi, akatazama chini alikotoka.

"Ulipofika Kahama," akasema, "ulianza kusema nini?"

Ndaki alifikiri. "Sikusema kitu. Niliomba maji."

Maige akalipokea jibu hilo. Akasema Loveness sasa ana watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano. Mume alimwacha. Sasa binti anauza dagaa, Maige aliambiwa hivyo na mtu wa mabasi. Yeye mwenyewe hajawahi kuwaona wajukuu wale. Akauliza kama ni kweli mwenye miaka ishirini na kitu anaweza bado kusoma. Ndaki akasema hajui yote, lakini mwalimu ana fomu za masomo ya wakubwa, na Maige mwenyewe aliyataja Ijumaa kwenye mkutano. Maige akasema ndiyo, aliyataja. Halafu Ndaki akamwambia asianze na fomu. Aanze na basi la Buseresere.

Limi akaanza kulia. Ndaki akafanya kama anasimama.

"Nipe," akasema Maige.

"Hujui kumfunga."

"Nifundishe basi, saa zinakwenda."

Ndaki alimfundisha akiwa ameketi kwenye jiwe. Inama. Zaidi. Mtoto katikati ya mabega, kitenge juu yake, kipitishe chini ya makwapa, vuta. Maige alivuta kama anafunga mzigo kwenye baiskeli, akakaza fundo mara tatu, akasimama wima taratibu akiwa ameshikilia kifua. Aliuliza kama mtoto anapumua. Ndaki akasema anapumua. Wakapanda, mwenye mtoto mbele, mwenye kikohozi nyuma ameshika usukani wa baiskeli na kuuegemea, na kule chini kwenye karasha wanaume walitoka wakasimama kutazama.

Kengele iligongwa wakiwa hatua ishirini kutoka getini. Cornel alifungua geti lote, kwa maana sasa ilikuwa ruhusa. Mariana alikuja mbio upande wa stoo, sweta begani, akamwona baba yake, kisha akamwona aliyembeba mwanawe, miguu ikasita. Aliujua uso ule, na alijua kilichosemwa mkutanoni. Akapiga goti kidogo kama binti yeyote wa Kisukuma.

"Shikamoo, Baba Loveness."

Maige aliitikia marahaba, kwa sauti ndogo. Alishika fundo kifuani alifungue, halikufunguka. Akajaribu tena, na Limi akaendelea kulia mgongoni. Basi akageuka, akainama mbele ya msichana yule, ili mama amtoe mtoto yeye mwenyewe.